Tangi la matumbawe sebuleni: unachojenga hasa ni kitu gani?

Kila inaposambaa mitandaoni video ya sebule yenye tangi la kioo refu kama kitanda, ndani yake matumbawe ya zambarau na kijani yakipepea huku samaki wakipita katikati, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Wa Arusha na Nairobi huuliza maji ya chumvi yatatoka wapi. Wa Tanga, Mombasa na Unguja huuliza kinyume chake: ikiwa bahari iko mwendo wa dakika kumi, kuna ugumu gani wa kuchota maji, kuokota mawe mawili matatu na kumwita fundi vioo? Swali hili la pili ndilo lenye mkanganyiko zaidi, kwa sababu linachukulia kwamba bahari ni maji tu. Bahari ni maji mengi mno, na wingi huo peke yake unafanya kazi nyingi, tangu kutuliza joto hadi kuyeyusha uchafu, ambazo mwenye tangi atalazimika kuzifanya kwa mikono yake, kwa pampu na kwa umeme. Anayejenga tangi kwa vifaa vya kujitengenezea anajenga kazi hizo. Kioo ni chombo cha kuzibebea.

Tuanze na majina. Tumbawe, ambalo wengi hulidhania jiwe na baadhi hulidhania mmea, ni mnyama. Ni ndugu wa yavuyavu, na kila kishimo kidogo unachokiona kwenye jiwe la tumbawe lililokauka kiliwahi kuwa makao ya kiumbe laini mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Kiumbe huyo hujenga chini yake kiti cha chokaa, na ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, mpangaji anayelipa kodi kwa sukari anayoitengeneza kutokana na mwanga. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, mpangaji huondoka, tumbawe hubaki jeupe, na mpangaji asiporudi, tumbawe hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea katika miamba mingi ya pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998, na ndivyo inavyoweza kutokea sebuleni mwa mtu mwezi wa Februari.

Neno la pili ni sampu. Hili ni tangi la pili, lisilo na urembo wowote, linalokaa ndani ya kabati chini ya tangi kuu. Maji hushuka humo kwa uzito wake, hupita kwenye vichujio, kisha pampu huyapandisha tena juu. La tatu ni chombo cha kuengua povu. Mpishi anapochemsha supu ya mifupa huengua lile povu la kijivu linaloelea kabla halijazama na kuharibu mchuzi. Chombo hiki hufanya hivyo hivyo kwa mapovu madogo ya hewa, ambayo hunasa mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki na kuyapandisha hadi kwenye kikombe kinachomwagwa kila baada ya siku mbili tatu. Hufanya kazi vizuri katika maji ya chumvi kuliko maji baridi, kwa sababu ile ile inayofanya povu la mawimbi lidumu ufukweni na lisidumu ziwani.

Sasa ukubwa. Imani iliyoenea ni kwamba anayeanza aanze na tangi dogo ili makosa yake yawe madogo. Kwa upande wa fedha ni kweli. Kwa upande wa uhai wa viumbe ni kinyume kabisa: kijiko cha pilipili kilichozidi hakisikiki katika sufuria ya shughuli, lakini ndani ya bakuli moja hakiliki. Samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe katika tangi la lita 40, kesho asubuhi wote wamekufa; katika tangi la lita 700 mwenye nyumba ana siku moja au mbili za kugundua. Kwa hiyo mtu anayetaka tangi kubwa hana tamaa tu. Anajinunulia muda.

Lakini muda huo una uzito wake, na hapa inafaa kupiga hesabu kwa penseli. Chukua tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Ujazo wake ni lita 720. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Kioo cha unene wa milimita 15 kitaongeza takribani kilo 160, mawe yataongeza kilo 50 au zaidi, bado kabati na sampu. Hiyo inapita tani moja, na inakaa juu ya eneo la mita za mraba 1.2. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida hukokotolewa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hii haimaanishi kwamba ghorofa litabomoka siku ya kwanza, kwa kuwa zege huwa na akiba, na mzigo uliowekwa kando ya ukuta juu ya boriti si sawa na ule uliowekwa katikati ya chumba. Inamaanisha kwamba anayeishi ghorofani asimuulize muuza samaki, amuulize mhandisi wa majengo. Wa chini, mwenye sakafu ya zege juu ya udongo ulioshindiliwa, anahitaji zaidi pima maji ya fundi mwashi kuliko mhandisi, maana tangi lililoinamia upande mmoja kwa sentimita moja linaonekana kila siku ya maisha yake.

Kuhusu kioo kuna dhana nyingine ya kurekebisha. Watu hudhani kwamba kinachovunja tangi ni wingi wa maji. Kinachosukuma kioo ni kina. Ukutani mwa tangi letu la mfano, kioo cha mbele hubeba msukumo ulio sawa na uzito wa kilo 370 hivi, na msukumo huo hautegemei kama upana kwenda nyuma ni sentimita 60 au mita tatu. Ongeza kimo hadi sentimita 75 na msukumo unazidi mara moja na nusu. Wengi wanakumbuka tangi la AquaDom lililopasuka mjini Berlin tarehe 16 Desemba 2022, likamwaga lita milioni moja za maji na samaki wapatao 1,500 ndani ya hoteli na barabarani. Lile lilikuwa silinda ya akriliki, yaani plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, yenye kimo cha zaidi ya mita 10. Halifanani na tangi la sebuleni, ila linawakumbusha watu kwamba kurefusha tangi kwenda juu ndiko kunakogharimu. Kurefusha kwenda pembeni kuna adhabu nyingine: kioo kirefu hupinda katikati, na ndiyo maana huwekewa mikanda ya kioo pembezoni mwa ukingo wa juu.

Je, fundi vioo wa mtaani, yule anayetengeneza madirisha ya aluminiamu, anaweza kukata vioo hivi? Anaweza, na wengi wao hukata kwa ustadi kuliko wanavyolipwa. Tatizo huanza kwenye gundi. Silikoni ya madirisha na bafu mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua viumbe wa tangi. Inayotakiwa ni silikoni isiyo na dawa hiyo, ile inayotoa harufu kali ya siki inapokauka, na tangi likishaunganishwa liachwe juma zima au zaidi kabla ya kutiwa maji, kisha litiwe maji ya bomba likiwa uani na kuachwa juma jingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ambayo mtu asiyewahi kuunganisha kioo asijifunzie. Sampu ni chombo kizuri cha kujifunzia, kwa sababu kina chake ni kidogo na haijai hadi juu.

Mabomba, kwa upande wake, ni uwanja wa mikono ya nyumbani. Bomba za PVC, elbo, tii, yunioni na koki za plastiki zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na hazidhuru kiumbe chochote zikishasuuzwa. Kinachokatazwa ni shaba, kwa maana ya bomba la shaba au koki ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa chembe ndogo tu ya shaba ikiyeyuka kwenye maji huua kamba, konokono na matumbawe hata kama samaki wataendelea kuogelea. Mfumo wa kushusha maji uwe na angalau mabomba mawili, la kazi na la dharura, kama tangi la maji la paani linavyokuwa na bomba la kumwaga ziada, kwa sababu siku moja konokono ataingia katika lile la kwanza.

Tena nieleze jambo moja lililonifika mimi mwenyewe. Tangi langu la kwanza kubwa lilikuwa na vipimo hivi hivi tulivyovitaja, na mdomo wa bomba la kurudishia maji ulikuwa umezama sentimita 8 chini ya uso wa maji. Umeme unapokatika, pampu husimama, na maji hugeuza njia: hurudi kupitia bomba lile lile hadi uso wa maji ushuke chini ya mdomo wa bomba na hewa iingie. Nililijua hilo, nikatoboa tundu dogo karibu na uso wa maji ili hewa iingie mapema. Miezi minne baadaye tundu lilikuwa limezibwa na mwani, tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na sikuwa nimeliangalia. Umeme ukakatika usiku wa manane. Kila sentimita ya tangi lile ni zaidi ya lita 11, kwa hiyo karibu lita 90 zilishuka kwenye sampu iliyokuwa na nafasi ya lita 40. Niliamshwa na kapeti. Tangu siku ile siamini tundu. Naweka mdomo wa bomba sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, na sampu naiachia nafasi tupu ya kupokea yote yanayoweza kushuka, kisha nazima pampu kwa makusudi mara kadhaa na kusimama kando kutazama.

Turudi kwenye maji, na kwenye lile swali la mkazi wa pwani. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, na chumvi hiyo si ile ya jikoni. Mbali na sodiamu na kloridi kuna magnesiamu, salfeti, kalisi (kalsiamu) na potasiamu kwa viwango ambavyo matumbawe yanavitegemea, na ndiyo maana kuyeyusha chumvi ya mezani hakutoi bahari. Mkazi wa bara hununua chumvi maalumu na kuiyeyusha katika maji yaliyochujwa hadi yakabaki matupu. Kwa tangi la lita 720 itamlazimu kununua zaidi ya kilo 25. Mkazi wa pwani anaweza kuchota, lakini si popote wala si wakati wowote. Karibu na mdomo wa mto au mfereji wa mji, maji hubeba mbolea na maji taka, na wakati wa masika hupungua chumvi. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na mito, yachujwe kwa kitambaa kizito na kupimwa chumvi kwa refraktomita kabla ya kuingia ndani. Ulimi haupimi.

Maji maangavu nayo si lazima yawe salama. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo haionekani wala hainuki kwa kiwango kinachoua. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo huvumilika. Bakteria hawa huishi juu ya mawe na mchanga, na hawaji kwa siku moja. Ni kama mtindi: bila kijiko cha ule wa jana, maziwa yataganda yanavyojua yenyewe. Jiwe moja kutoka tangi la mtu mwingine lenye afya hutosha kuwa mbegu, lakini hata hivyo majuma 4 hadi 6 hupita kabla ya vipimo vya amonia na nitriti kusoma sifuri. Wengi huua samaki wao wa kwanza katika majuma hayo, na kwa bahati mbaya muuzaji huwa hana sababu ya kuwazuia.

Kosa linalofuatia hutokea kila siku kimyakimya. Maji ya tangi kubwa hupungua kwa lita kadhaa kwa siku kwa mvuke, zaidi kama kuna feni. Chumvi haipandi na mvuke. Kama vile mchuzi uliosahaulika jikoni unavyozidi chumvi bila mtu kuongeza, ndivyo tangi linavyozidi, na anayelijaza kwa maji ya bahari anaongeza chumvi juu ya chumvi. Linajazwa kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, na kazi hiyo inaweza kufanywa na boya dogo la plastiki kama lile la tangi la choo, ilmradi dumu linalolilisha liwe na kikomo, ili boya likikwama lisimwage maji ya bomba usiku kucha.

Na hapa ndipo chokaa inapoingia. Nyumba za kale za Lamu, Kilwa na Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Ndani ya tangi kazi hiyo inakwenda upande wa pili, kutoka chokaa kurudi kuwa tumbawe. Matumbawe yanapokua huvuta majini kalisi na kabonati, na baharini hakuna anayegundua, ila katika lita 720 upungufu huonekana ndani ya siku chache. Kiwango cha kalisi kinachohitajika ni miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Njia ya zamani na rahisi kuliko zote ni maji ya chokaa: gramu moja na nusu hivi ya chokaa iliyozimwa, iliyo safi ya kiwango cha chakula na si ya kupakia ukuta, katika lita moja ya maji yaliyochujwa. Yakitulia, yale maangavu ya juu hudondoshwa tone kwa tone, hasa usiku, yakichukua nafasi ya maji yaliyopotea kwa mvuke. Ni makali na huunguza ngozi. Ukiyamimina kwa pupa, maji ya tangi hugeuka meupe kama tui, na ile kalisi uliyotaka kuwapa matumbawe inatua kwenye pampu. Wanaonunua chupa ya kalisi peke yake na kuimwaga kila juma, bila kuangalia upande wa kabonati, wanaleta tofali bila udongo wa kujengea.

Mawe ya ndani yanaweza kutengenezwa pia, kwa saruji iliyochanganywa na changarawe ya kombe na chumvi ya mawe, ambayo baadaye huyeyuka na kuacha vitundu vya kukaa bakteria. Saruji mbichi huyafanya maji kuwa na alkali kali, hivyo vipande hulowekwa na kubadilishiwa maji kwa majuma mengi hadi vipimo vitulie. Ni kazi ya kuchosha isiyo na gharama.

Joto na umeme vitatumaliza tusipovipangia. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa wasomaji wa nchi za baridi husisitiza kipasha joto. Mtu wa pwani anaweza kukinunua na asikiwashe kamwe. Tatizo lake ni kushusha. Matumbawe hupendelea nyuzi 24 hadi 27, na feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji huweza kushusha nyuzi mbili au tatu hewa inapokuwa kavu, ila wakati wa unyevunyevu mwingi hazisaidii sana na kipoza maji kinakuwa hakikwepeki. Kwa hesabu ya mfano, taa za LED za wati 300 kwa saa 10, pampu za wati 150 usiku na mchana, na kipoza cha wati 400 kwa saa 8, hufikia karibu uniti 10 kwa siku, yaani 300 kwa mwezi. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua kioo. Saketi ya tangi iwe na kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuifuata soketi. Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa hewa ya oksijeni, si giza. Pampu moja ya wati 20 iliyounganishwa kwenye betri ya volti 12 yenye uwezo wa AH 100 huvusha usiku mzima.

Kuhusu kuokota matumbawe ufukweni, jibu ni fupi. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kuvuka mipaka, na katika hifadhi za bahari kama Mafia, Malindi na Watamu kuyachukua ni kosa. Nje ya hifadhi, ofisa uvuvi wa wilaya aulizwe kabla, si baada. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, tumbawe lililovunjwa mwambani huja na majeraha na wadudu. Wafugaji wenye uzoefu hukata kipande kidogo kutoka tumbawe lililokwisha kuzoea tangi na kukibandika juu ya jiwe, nacho hukua kama kipando cha mhogo.

Vipando vya kwanza viwe vya matumbawe laini, ambayo husamehe. Yale magumu yenye matawi yasubiri hadi vioo vya tangi vianze kuota madoa ya waridi, mwani wenye ganda la chokaa ambao haung'oki kwa sifongo na hudai wembe. Unakera kuusafisha, lakini hujenga ganda lake kwa kalisi na kabonati zile zile, na haushiki mahali ambapo maji hubadilika badilika.